Hapo Wamebadilisha

Nilikuwa na ulimi mbaya nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na sikuuonea haya. Pale Ujiji, kwenye duka la kushonea la baba yangu mdogo, kuna wateja waliokuwa wakichungulia kwanza kama nipo kabla ya kuingia na gauni lililowabana. Walijua nitasema. Kazi yangu ilikuwa kushona na kudarizi, na kila Jumamosi mchana nilikuwa nasoma. Kusoma ndiko kulikonipa cheo, kwa maana kushona wengi waliweza.

Tulichokuwa tunasoma ni katuni. Kulikuwa na gazeti moja la hadithi za picha lililotoka Dar es Salaam kila baada ya wiki mbili, na kurasa zake nane za katikati zilikuwa za Shujaa. Alikuwa na jina lake refu, lakini sisi tulimwita Shujaa tu, kama vile hakuna mwingine. Mchana alikuwa muuza mkaa. Akivaa bangili zake mbili za chuma, moja kila mkono, aliweza kung'oa nguzo na kuruka juu ya mapaa. Alikuwa na mwiko mmoja: hampigi mtu aliyekwisha kuanguka. Na alikuwa na udhaifu mmoja, maji. Yakimpita magoti nguvu zote zinamwisha, anabaki muuza mkaa kama wauza mkaa wengine. Baba yangu mzazi alianza kulinunua gazeti hilo kabla mimi sijajua kusoma, na alipofariki aliniachia sanduku la bati limejaa matoleo yake. Kwa hiyo nilipozungumza habari za Shujaa, nilizungumza kama mtu mwenye hati ya nyumba.

Nakala ilikuwa moja tu. Aliyeileta ni mpagazi wa stesheni ya Kigoma, aliyeipokea kwenye treni na kuja nayo Ujiji ndani ya shati ili isilowe jasho la mizigo, ingawa ililowa jasho lake. Hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia kabla ya Jumamosi. Mimi nilikaa kwenye stuli ndefu ya kukatia, nikasoma maneno ya kila picha kwa sauti huku gazeti nimeliegemeza kifuani, kisha ndipo nikaligeuza watu waione picha. Nikimaliza, tunabishana mpaka saa kumi. Ubishi wetu ulikuwa na sheria, na sheria niliitunga mimi. Mtu akisema Shujaa aliwahi kufanya jambo fulani, namuuliza, "Ukurasa gani?" Akishindwa kutaja toleo na ukurasa, ananyamaza mpaka Jumamosi nyingine. Nimewanyamazisha watu wazima kwa maneno hayo mawili, wengine wenye mvi, na nililala vizuri.

Wasikilizaji wa kudumu walikuwa watatu. Baba mdogo, mwenye duka, ambaye alipenda picha kuliko maneno. Mpagazi, aliyejiona ana haki zaidi kwa kuwa gazeti lilipita mikononi mwake. Na mama mmoja mnene, muuza dagaa wa Kibirizi, aliyekuja kila Jumamosi na harufu yake na maoni yake. Wengine walikuja na kuondoka, wateja na jirani, akiwemo mke wa mjumbe wa nyumba kumi, ambaye hakuielewa hadithi hata kidogo ila hakupenda jambo lifanyike mtaani bila yeye kuwepo.

Na alikuwepo mpiga pasi. Simhesabu kati ya wasikilizaji kwa sababu wakati huo hakuna aliyemhesabu. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mpole, aliyemwamkia baba mdogo kila asubuhi kwa kuinama. Alikuja akisema ametoka Kalinzi, huko juu kwenye kahawa, na kwa kuwa alizungumza Kiha bila kukwama hatukumuuliza zaidi. Baba mdogo alimpa pasi ya mkaa na meza ya kona. Kila Jumanne na Ijumaa aliomba ruhusa ya kwenda mwalo wa Kibirizi kununua dagaa. Alitembea toka Ujiji mpaka kule, mwendo wa saa mbili na zaidi, na akarudi kwa miguu. Mara nyingi alirudi bila dagaa. Nilimcheka kwa hilo mbele ya wateja. Nilisema huyu ndiye mtu pekee Kigoma nzima anayekwenda Kibirizi na kuwakosa dagaa.

Miaka ile ilikuwa miaka ya wakimbizi. Walikuwa wamevuka kutoka Burundi kwa maelfu, wakawekwa makambini huko Kasulu na kwingineko, na sheria ilikuwa mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Akikutwa mjini hana kibali, anapandishwa lori na kurudishwa, na akirudi huko anatazamwa kwa jicho jingine, hapati tena ruhusa kwa urahisi. Mjini tulikuwa tunasema "hawa wakimbizi" kwa kila kitu, sabuni ikipanda, ndoo ikiibwa. Na mimi nilisema. Babu yangu mwenyewe alivuka ziwa kutoka Kongo na boksi moja la nguo, lakini hilo halikunizuia.

Nitasema mapema kile ambacho sisi tulikijua kwa kuchelewa. Mpiga pasi hakutoka Kalinzi; alitoka Burundi, na Kirundi na Kiha vinaelewana. Alikuwa ametoroka kambini, na kitu kimoja tu alichokuwa anakilinda kwa unyenyekevu ule wote ni kubaki mjini, mahali ambapo Jumanne na Ijumaa angeweza kufika Kibirizi maboti ya Ilagala yanapotia nanga.

Masika ya mwaka mmoja mvua ilikata tuta la reli, na treni haikufika Kigoma kwa muda wa miezi miwili. Tulikosa matoleo manne. Tulikaa Jumamosi hizo kama wafiwa, tukirudia matoleo ya zamani kutoka kwenye sanduku langu, na nilifurahi kwa siri kwa kuwa kila mtu alilazimika kupitia kwangu. Treni iliporudi, mpagazi alikuja na toleo jipya mbio, na tangu picha ya kwanza nikajua tumeharibiwa. Chini ya ukurasa wa mwisho, mahali ambapo kwa miaka yote lilikuwa jina lile lile la mwandishi, palikuwa na jina jingine.

Shujaa hakucheka tena. Yule wa zamani kila akiruka juu ya paa aliwatania majirani waliolala. Huyu aliruka kimya. Ukurasa wa tano alimpiga teke mtu aliyekuwa chini, mtu aliyeinua mikono kuomba. Na mkono wake wa kushoto haukuwa na bangili. Hakuna aliyeeleza imekwenda wapi. Ilikuwa haipo tu.

"Hapo wamebadilisha," mpagazi alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

Ubishi uliofuata ulichukua wiki. Mimi nilisema mwandishi mpya ni mvamizi, amepewa nyumba ya watu na kitu cha kwanza alichofanya ni kujisaidia sebuleni. Baba mdogo aliona ubaya wote ni wa mchoraji, ambaye naye alionekana mpya. Mama wa dagaa alikuwa upande wa mwandishi mpya, akasema mtu anabadilika, kwani sisi tunafikiri muuza mkaa atacheka miaka ishirini? Lazima kuna jambo limempata katika yale matoleo manne tuliyoyakosa. Nikamuuliza ukurasa gani. Akanyamaza, lakini alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Ndipo sauti ikatoka kwenye kona. Mpiga pasi alisema yeye ameyasoma hayo matoleo manne.

Tuligeuka wote. Hakuinua macho, aliendelea kunyoosha mkono wa shati. Alisema yupo mwalimu mmoja huko Kalinzi aliyekuwa akiletewa gazeti na ndugu yake kwa njia ya Mwanza, siyo kwa reli, naye aliyasoma kwake alipokwenda kusalimia nyumbani. Baba mdogo alimwambia aache pasi asogee. Alisogea, lakini pasi hakuiacha, akaja nayo na lile shati, na akatusimulia toleo la kwanza akiwa anapiga pasi kwenye ukingo wa meza yangu ya kukatia.

Alisimulia kwa Jumamosi nne, moja kwa kila toleo, na sina budi kukiri alikuwa anajua. Hakutia chumvi. Alisema Shujaa alirudi nyumbani akakuta mtaa wake unachomwa moto na watu anaowafahamu, watu aliowauzia mkaa. Angeweza kuwapiga wote, lakini walikuwa wengi na nyumbani kulikuwa na watoto wawili. Akachagua watoto. Alikimbia nao siku sita porini, akificha bangili zake kwa matambara zisimetemete. Kisha wakafika kwenye mto.

Hapo mama wa dagaa aliacha kutafuna. Sote tulijua maji yanamfanya nini Shujaa.

Alisema Shujaa alimweka mtoto mdogo mgongoni, na yule mkubwa, msichana wa miaka minne, akamshika kwa mkono wa kushoto. Maji yalipopita magoti nguvu zikamwisha, akabaki mtu wa kawaida katikati ya mto unaokwenda mbio. Mtoto alikuwa ameshika bangili, siyo mkono. Bangili ilikuwa imelegea kwa sababu ya kukonda siku zile sita. Ikatoka, ikaenda na mtoto. Na mpiga pasi alipofika hapo alisimama kimya na pasi ikiwa juu ya kanzu ya mteja, mpaka tukasikia harufu. Kanzu ilikuwa imeungua mgongoni. Ni mara ya kwanza na ya mwisho aliharibu nguo pale dukani, na baba mdogo, mtu ambaye angefukuza malaika kwa doa la mafuta, aliikunja tu akaiweka kando.

Nani alitaka kusikia zaidi? Wote. Katika toleo la nne, alisema, Shujaa alimzika yule mdogo, aliyekufa kwa homa, upande wa pili wa mto, kisha akauliza wenyeji mto ule unaishia wapi. Wakamwambia unazunguka mbali, lakini mwisho wake unaingia ziwani. Basi akaenda ziwani kusubiri. Alisema mtoto bado anaelea, ameshika bangili, na bangili ile ina nguvu kwa anayeishika, haitaki azame. Hapo aliishia. Watu walimuuliza, akafika? Akasema mwandishi hajaandika.

Mama wa dagaa alilia waziwazi. Mpagazi alisema huyo ndiye mwandishi wa zamani, ameandika manne ya mwisho kwa nguvu zake zote kabla hawajamwondoa, na sasa alielewa kwa nini Shujaa hacheki. Watu walianza kuja Jumamosi wakimwuliza yeye, siyo mimi. Jirani mmoja aliingia mlangoni akaniambia nimpishe, nimemkinga msimuliaji. Kwenye duka la baba yangu mdogo!

Niliona wivu, na sitafuti jina jingine la kitu hicho. Siku moja nilishona mkono wa gauni, ndani ukawa nje. Mtu ambaye hakuwa na hata nakala moja alikuwa amekuwa mwenye Shujaa, na mimi mwenye sanduku zima nilikuwa nasikiliza kama wengine. Ile wiki ndiyo mama wa dagaa aliyoniambia jambo. Alisema huwa anamwona mpiga pasi kule mwaloni, hasogei kwenye dagaa kabisa. Boti la Ilagala likiingia yeye anasimama karibu na ubao wa kushukia, anawatazama watoto wa kike usoni, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Mama wa dagaa alisema, "Huyu mtu ana msiba, mwanangu. Tumwache."

Mto Malagarasi unapita mpakani na Burundi, na unaingia ziwani pale Ilagala. Kila mtoto wa shule Kigoma anaujua. Mimi nilifundishwa habari zake darasa la tano na nilipata alama zote. Kwa hiyo siwezi kusema sikuelewa. Nilielewa nusu, na ile nusu nyingine nilikataa kuielewa, kwa sababu ningeielewa ningepaswa kunyamaza.

Jumapili nilipanda pikapu lililokuwa linapeleka magunia Kalinzi. Nilijiambia naenda kuazima yale matoleo manne kwa huyo mwalimu, niyasome mwenyewe kwa sauti, nirudishiwe kiti changu. Nilipofika watu walikuwa wanatoka kanisani. Niliwauliza wazee, nikamuuliza katekista, nikaenda mpaka shuleni. Hakukuwa na mwalimu mwenye magazeti. Ukoo alioutaja mpiga pasi haukuwepo. Bibi mmoja aliyekuwa anaanika kahawa mbele ya nyumba yake alinicheka, akasema wanaosema wametoka Kalinzi siku hizi wamekuwa wengi kuliko Kalinzi yenyewe. Nilirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, na nilikuwa na furaha ambayo nikiikumbuka leo natamani kujizaba kofi.

Sikusema kitu wiki hiyo. Ijumaa mpagazi alikuja na furushi. Matoleo yetu manne yalikuwa yamekwama kwenye stoo ya stesheni ya Tabora wakati wote ule, na sasa yalikuwa yameachiwa. Mpagazi aliniletea mimi kwanza, kwa kuwa ndiyo kawaida. Niliyasoma mchana ule ule nimejifungia chumba cha kupimia nguo, nikayarudia mara mbili, nikakunja pembe za kurasa nilizozihitaji.

Jumamosi duka lilijaa. Nilianza kusoma bila kusema ni nini nimekishika. Toleo la kwanza, Shujaa anatiwa jela kwa kosa la mtu mwingine. Toleo la pili, yumo jela. La tatu, bado yumo jela, mlinzi anasinzia, Shujaa anatoka. La nne, anamtafuta aliyemsingizia. Hakuna moto wala mtoto wala mto. Kuhusu bangili, niliwageuzia ukurasa wa tatu na wa nne wa toleo la tatu, nikawaonyesha kwa kidole: hapa anazo mbili, picha inayofuata ana moja, hapa chini anazo mbili tena, kisha ana moja mpaka mwisho. Mchoraji mpya alikuwa mzembe. Alisahau, basi.

Baba mdogo alicheka kwanza, kwa sababu alikuwa ameshinda, tangu mwanzo alisema ni mchoraji. Kisha watu wakageuka kwenye kona. Mpiga pasi alikuwa amesimama, ameiweka pasi kwenye kigae chake. Angeweza kusema amechanganya na hadithi nyingine, na mtu mwenye huruma angempa nafasi hiyo. Mimi sikumpa.

"Mto uko ukurasa gani, kaka?" nilimwuliza.

"Haumo, dada."

"Na mtoto?"

"Hayumo."

Watu walianza kuguna. Nilishuka kwenye stuli, maana nilitaka anione vizuri. Nikamwuliza, "Na yule mwalimu wa Kalinzi yuko ukurasa gani? Nimekwenda Kalinzi. Na wewe pia humo."

 Hapo niliuona mkono wake wa kulia, uliokuwa umeshika ukingo wa meza. Ulikuwa na bangili ya waya wa shaba uliosokotwa, ya kujitengenezea, niliyoiona kila siku tangu alipokuja. Mkono wa kushoto ulikuwa mtupu. Nikatazama juu, na mke wa mjumbe wa nyumba kumi alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi na gauni lake mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja Jumamosi alikuwa ameielewa hadithi.

Mpiga pasi alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mimi sikusema uongo wa kuwaumiza. Mlikuwa mnauliza kwa nini hacheki."

 Mpagazi alisema kwa uchungu kwamba amechezewa, na mtu fulani mlangoni akasema si mnaona, hawa wakimbizi, hata katuni wanatudanganya. Watu wakacheka. Mimi nilicheka nao. Mpiga pasi alimwaga nje makaa ya ile pasi, akaifuta majivu, akairudisha mahali pake, akamaliza kukunja mashati yaliyobaki. Mama wa dagaa aliondoka bila kuniaga.

Sikumripoti. Hilo nimelisema mara nyingi, kwa mama yangu, kwa mume wangu, na mara moja kwa shehe. Nilisema tu mbele ya watu. Jumatatu walikuja mgambo wawili, wakamkuta anapiga pasi sare ya mtoto wa mjumbe huyo huyo. Waliomba kibali. Aliomba wamwache mpaka kesho, Jumanne, arudi mwenyewe kambini jioni, hatawasumbua. Walimwuliza kesho kuna nini. Akasema anasubiri boti. Mgambo mmoja alicheka akamwambia kambini hakuna ziwa, atasahau. Baba mdogo alisimama na futi yake ya kupimia shingoni, akatazama chini. Walimpakia kwenye lori pamoja na wengine waliokamatwa sokoni.

Huu ndio upande wa jambo hili unaonishangaza hata sasa. Jumamosi iliyofuata nilisoma toleo jipya, na hakuna aliyelisikiliza. Nilipofika ukurasa wa tatu mpagazi alisema, samahani, lakini mto unafaa zaidi. Mwandishi wa zamani angeandika mto. Baba mdogo akakubali. Walibishana kidogo, kisha kwa umoja waliamua kwamba hadithi ya mpiga pasi ndiyo itahesabiwa kuwa matoleo manne ya kweli, na yale ya jela yatupwe. Mtu mwenyewe walimwacha apakiwe lorini kama gunia, hadithi yake wakakataa kuiachia. Na kwa kuwa iliishia njiani, walitaka imaliziwe, na kwa kuwa mimi ndiye msomaji, walinitazama mimi.

Ningeweza kukataa. Lakini ilikuwa karibu miezi miwili sijatazamwa vile. Nikapanda kwenye stuli, nikaanza kusimulia kutoka kichwani, bila gazeti, jinsi Shujaa alivyosubiri ziwani. Nilijisikia vizuri sana. Nilisimulia Jumamosi mbili, na ya tatu duka lilijaa mpaka watu walisimama kwenye kibaraza.

Hiyo ya tatu ndiyo aliyokuja mpiga pasi. Sikumwona akiingia. Baadaye nilisikia alipata kibali cha siku mbili cha kwenda hospitali ya Kigoma kwa kikohozi, na badala ya hospitali alikwenda Kibirizi siku ya Ijumaa, na kutoka Kibirizi alikuja kwetu kuchukua shati lake aliloliacha msumarini. Alisimama nyuma ya watu, amekonda, kofia mkononi. Nilipomwona nilikuwa katikati ya sentensi. Nilikuwa nimefika mahali ambapo bangili inakutwa ufukweni, na watu walikuwa wameshika videvu wakisubiri kujua kuhusu mtoto.

Nilikuwa sijaamua. Naapa nilikuwa sijaamua. Nilimwona usoni, naye alikuwa anasubiri kama wengine, zaidi ya wengine, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeambiwa barua yake imefika. Ningeweza kumpa. Lilikuwa neno moja, na lisingenigharimu kitu. Lakini nilikumbuka machozi ya mama wa dagaa, na yule jirani aliyeniambia nipishe, na nikaona nikimwacha mtoto hai hadithi itabaki ya mpiga pasi daima.

Nikasema mtoto alikuwa amezama siku ile ile, palepale mtoni. Bangili ilikuja peke yake.

Watu walishusha pumzi. Kisha sauti yake ikatoka nyuma, ya upole ule ule aliokuwa akimwamkia nao baba mdogo.

"Hapo umebadilisha, dada. Mtoto hajafa."

Kila mtu aligeuka kumtazama, kisha wakanigeukia mimi, wakisubiri. Nilijua wanasubiri nini. Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe.

"Ukurasa gani?" nikasema.

Walicheka. Hata baba mdogo alicheka, mkono mdomoni. Mpiga pasi alingoja kicheko kiishe, akapita pembeni ya ukuta mpaka kwenye msumari, akachukua shati lake, akalikunja vizuri kwa ile mikunjo yake minne. Alisema asanteni, akatoka, kwa kuwa kibali chake kilikuwa kinaisha jioni hiyo na Kasulu ni mbali.

Sikumwona tena. Mama wa dagaa ndiye aliyekuwa akisimama karibu na ubao wa kushukia kila boti la Ilagala lilipoingia, mpaka alipozeeka, na sikuwahi kumwuliza anamtazamia nani. Gazeti lenyewe lilikufa miaka michache baadaye. Waliobaki pale Ujiji wanaoikumbuka hadithi ile wanaisimulia kwa mwisho wangu, na mwaka jana mjukuu wa mpagazi alinisimulia mimi mwenyewe, hajui ni yangu. Alipofika kwa mtoto alisema alizama. Nilitaka kumwambia hapo wamebadilisha, lakini nilijua ataniuliza nini.